Ndiyo ya Mwenye Sura

3 Februari

Mwanangu Kidole,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Sisi hapa wazima, ukiondoa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka peke yake bila kunishirikisha. Cherehani bado inakimbia. Mwezi huu nimeshona sare za shule ishirini na mbili na suruali moja ya Kinyozi, ambaye kila mwaka ananiapia kwamba kiuno chake hakijabadilika, na kila mwaka naongeza kitambaa nyuma. Anakusalimu. Chumba cha mama yako nakifagia kila Jumamosi, nafungua dirisha hadi adhuhuri, kisha nafunga. Kitasa kilikuwa kimelegea, nimekikaza mwenyewe.

Uliniambia nisikupigie simu tena, nikiwa na neno niandike. Huu ni mwezi wa kumi na nne sijakupigia. Neno nilikuwa nalo siku zote ila halikuwa na mwanzo. Sasa limepata, ndiyo maana naandika.

Tamasha letu la picha ni Agosti, wiki ya mwisho kama kawaida. Hili la kumi na moja, na la nne bila wewe. Zile kamera zetu mbili za mtaa bado zinazunguka nyumba hadi nyumba, kila nyumba siku tatu, na watu wanapigana picha mpaka mbuzi wanakimbia. Picha arobaini zitapanda kwenye kuta za nje, kila mtu kwenye ukuta wa nyumba yake. Wageni wakija wakauliza mwenye tamasha ni nani, Kinyozi anawaambia wamtafute mtaani, watamkuta kila mlango.

Kati ya picha hizo iko moja ya mama yako. Niliipiga mimi. Amekaa kitandani, kashika simu, anacheka. Mwaka jana niliificha chini ya vitambaa kwa sababu sikuweza kuitazama. Mwaka huu nimemwonyesha Kinyozi, naye akaweka mkasi chini, mteja kanyolewa nusu kichwa, akaniambia, "Wifi yako lazima apande." Lakini mwenye sura hayupo aseme ndiyo. Na kanuni ya picha ya marehemu unaijua, uliiandika kwa mkono wako: mtoto wake asimame mbele ya picha, aione, aseme kwa mdomo wake. Haisemwi kwa simu wala kwa barua. Basi niambie unakuja lini.

Wako shangazi

20 Machi

Shangazi shikamoo,

Barua yako ilifika siku nyingi. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya kazi.

Mimi niko salama. Kazi ni ileile, chumba cha kufulia chini kabisa ya hoteli, hakina dirisha. Mashine ya kupigia pasi mashuka ina urefu wa chumba chako na cha mama ukiviunganisha. Mimi nasimama upande wa kutokea. Shuka linakuja la moto, nakunja mara nne, naweka, linakuja jingine. Ninapolala napokezana kitanda na dada mmoja wa zamu ya usiku. Nikirudi yeye keshatoka, akirudi mimi nimeshatoka. Ni mwezi wa tano tunaishi pamoja na uso wake nimeuona mara mbili. Najua tu kwamba hapendi mito miwili, basi namwachia mmoja.

Nisalimie Kinyozi. Pole kwa goti.

Kuhusu hiyo picha, amua wewe. Wewe ndiye uliyekuwepo. Mimi sikuwepo. Picha zenyewe siku hizi sipigi, kamera imelala kabatini tangu Desemba ile.

Kidole

11 Aprili

Kidole,

Marahaba. Nashukuru kwa salamu na kwa pole ya goti, ambalo halijambo, linapanda ngazi likitukana.

Hiyo "amua wewe" nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, maana nilidhani macho yananifanyia masihara. Niamue mimi kama nani? Umesahau mke wa fundi baiskeli? Mwaka ule wa kwanza ulimpiga picha amesinzia mlangoni, mdomo wazi, ukaibandika bila kumwambia kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Mtaa mzima ulicheka wiki nzima. Wiki ya pili walikuwa wamehama. Ulikuja kulia mapajani kwangu, msichana mkubwa, halafu ukaenda kuandika ile mistari kwenye boksi la viatu: picha haipandi ukutani mpaka mwenye sura aseme ndiyo. Boksi hilo bado linaning'inia juu ya kioo cha Kinyozi. Tangu siku hiyo sijabandika uso wa mtu kwa kukisia.

Naendelea kuzunguka na mfuko. Naingia, nakaribishwa kiti, natoa picha, nanyamaza. Wapo wanaosema ndiyo kabla sijakaa. Wapo wanaoomba kwanza wakachane nywele, kana kwamba picha haijapigwa. Yule bwana mwenye duka alisema hapana miaka minne mfululizo, mwaka wa tano akaniuliza kwa ukali mbona siku hizi simpelekei. Anayesema hapana simbembelezi. Nafunga mfuko, naaga, na tunabaki majirani.

Mwalimu Mstaafu, aliyekuwa akituandikia maelezo ya chini ya picha, amehamia kwa mwanawe. Kwa hiyo kamati ni mimi na Kinyozi, na Kinyozi hawezi kufunga duka mchana. Nazunguka peke yangu. Zamani mama yako alibeba mfuko, mimi nikabeba maneno. Tuligombania sufuria miaka ishirini, mimi na wifi yangu, lakini kwenye mfuko ule hatukuwahi kukosana. Sasa nabeba vyote viwili, na nikirudi jioni sina wa kumsimulia nani kakataa na kwa uso gani. Nasimulia cherehani.

Njoo uione picha. Kama ni hapana, iwe hapana, lakini uiseme ukiwa umesimama.

Shangazi

14 Mei

Shangazi shikamoo,

Natumai goti limetulia. Huku mvua hazikatiki na nimepata kikohozi ambacho sasa kimekwisha, usianze kunitumia dawa. Kazini wametuongezea mashine ya pili. Yule dada wa kitanda aliniachia karatasi juu ya mto: "Unakohoa sana, godoro limeniambia." Nimecheka peke yangu kama kichaa. Ndiyo mazungumzo marefu niliyofanya mwezi huo.

Nisamehe kwa "amua wewe". Nilikuandikia kwa hasira na sikuwa na ujasiri wa kusema ni hasira.

Nimeifikiria hiyo picha. Mama hakuwa mtu wa kukaa kitandani mchana, alisema kitanda cha mchana kinaita maradhi. Alikuwa anaongea na nani? Ilikuwa lini?

Na kama tumeamua kusema, basi niseme lote. Nilizungumza na mama kila Jumapili, na kila Jumapili alicheka. Jumapili ya mwisho aliniuliza kama nimenunua sweta. Jumatano ukanipigia kuniambia amezikwa jana. Shangazi, aliumwa muda gani? Kwa nini sikuambiwa? Nimelala na swali hili mwaka na nusu. Nikilichoka nalijibu mwenyewe, na jibu langu ni kwamba mlinihesabu miongoni mwa watu wasiokuja. Mlisema, huyo ameshakuwa wa huko, tusijisumbue. Hilo ndilo linaloniuma kuliko msiba wenyewe, na naona aibu kulisema, lakini ndivyo lilivyo.

Nakungoja.

Mwanao Kidole

2 Juni

Mwanangu Kidole,

Nimefurahi kikohozi kimekwisha. Huyo dada wa kitanda ana adabu, msalimie kwa karatasi.

Hapa tunaendelea. Ukuta wa nyumba ya pembeni umebomoka kidogo, kwa hiyo picha ya binti wa pale itabidi iende kwenye lango. Misumari ya mwaka jana imeota kutu, Kinyozi amepata mingine mifupi, nimemwambia mifupi haishiki kwenye matofali ya udongo, tumebishana mpaka mteja akaondoka bila kunyolewa. Ndiyo zimekuwa kumi na sita, hapana tatu, waliosafiri wanne.

Barua yako yote nimeisoma.

Shangazi

22 Juni

Shangazi shikamoo,

Habari ya misumari nimeielewa. Nilikuuliza jambo moja. Bado nangoja.

Kidole

11 Julai

Kidole, mwanangu,

Leo sina habari za nyumbani, hii ndiyo habari ya nyumbani.

Mama yako aliumwa miezi mitano. Siku tuliyorudi kutoka hospitali na majibu, kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshachukua simu nikupigie. Akasema hapana. Alisema ukijua utaacha kazi, utakuja kukaa pembeni ya kitanda chake umhesabie pumzi, na akishakwenda utakuwa huna mama na huna kazi. Nikamwacha. Mwezi wa tatu wa ugonjwa nikamwuliza tena, akasema hapana, na akanikasirikia siku mbili. Mara ya mwisho ilikuwa ile Jumatatu alfajiri, sauti ilikuwa imekwisha. Nikamwuliza, wifi, nimwite mtoto? Akatikisa kichwa.

Sasa nisikilize. Miaka yote ile nimekaa kwenye viti vya watu nikingoja neno lao, na nikiambiwa hapana, nafunga mfuko nanyanyuka. Mkono wangu umezoea kufunga mfuko. Wifi yangu aliposema hapana nikamfanyia vilevile, kama vile nimempelekea picha. Nilidhani ndiyo heshima. Hakuna hata siku moja katika nyumba hii tuliyosema kwamba hutakuja. Hofu yake ilikuwa kwamba utakuja.

Picha niliipiga Jumapili moja ya Oktoba. Alikuwa anaongea na wewe. Mkono mmoja umeshika simu, anacheka kweli, ulikuwa unamsimulia jinsi lifti ilivyowagomea na mashuka ya harusi. Mkono wa pili umeshika godoro. Ukiutazama mkono huo utajua maumivu yalikuwa wapi. Alipokata simu alijinyoosha, akageukia ukuta hadi jioni. Niliipiga kwa sababu kukuita nilikatazwa na kukaa bure nilishindwa. Baadaye nikamwonyesha, nikamwuliza kama ipande. Akaitazama sana, akasema nitakujibu. Hakunijibu.

Sikukwambia haya kwa sababu hukumu ya marehemu haina rufaa, na sikutaka umlaumu mtu asiyeweza kujitetea. Niliona afadhali unilaumu mimi, mimi nipo. Lakini kumbe kimya changu kilikufanya ujione umetupwa. Hilo sikulijua, na tangu barua yako ya Mei silali vizuri. Unaniuliza kwa nini hukuambiwa. Hukuambiwa kwa sababu nilimsikiliza. Naona sasa kwamba nilikosea, na kosa hili siwezi kulifumua nikalishona upya.

Nisamehe ukiweza.

Shangazi yako

6 Agosti

Shangazi shikamoo,

Barua yako niliifungulia kazini, wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye kapu la mashuka machafu. Msimamizi akaniuliza nina nini, nikasema mvuke. Wenzangu wanajua mvuke haufanyi hivyo.

Kwanza nilimkasirikia mama. Kisha wewe. Kisha Kinyozi, ambaye hana kosa lolote, nikamkasirikia siku nzima. Mimi ndiye niliyeiandika ile mistari kwenye boksi la viatu, Shangazi, kwa hiyo hasira ilipomaliza mzunguko ilirudi kwangu.

Mwenye duka alikataa miaka minne, na ulikuwa na mwaka wa tano wa kumpa. Mama hakuwa na mwaka wa tano. Uliijua tofauti hiyo, kwa sababu ulimwuliza mara tatu, na wewe humbembelezi mtu. Ungepiga simu hata kama angekurushia kikombe. Angekurushia, ungeokota vipande, mimi ningekuwa ndani ya basi. Kazi ya kukunja mashuka ipo kila mji. Ningemshika ule mkono wa pili.

Nimeshasema. Sikuchukii. Nimejaribu siku tatu na imeshindikana.

Lakini usiningoje mwaka huu. Siwezi kusimama mbele ya picha hiyo. Kila nikifikiria, nasikia sauti yangu mwenyewe inasimulia habari za lifti, na yeye anabana godoro ili anichekee. Iache kwenye mfuko.

Nisalimie mtaa. Kinyozi mwambie nimemsamehe, yeye hajui kwa nini.

Kidole

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Yote uliyoandika ni ya kweli na nimeyapokea. Kikombe ningekiokota.

Tamasha tumelisogeza kidogo mpaka Oktoba, kuta zina unyevu. Zimebaki nyumba kumi sijazifikia. Goti linasumbua kidogo, si jambo. Mwandiko usikushangaze, naandikia juu ya mto, meza ina vitambaa.

Umesema nisikungoje, sikungoji. Ulisema kweli kwamba kazi ipo kila mji, lakini hiyo uliyonayo usiichezee. Usije kwa ajili ya kunihurumia. Sitaki. Mimi niko vizuri.

Shangazi

Kidole, mimi ni Kinyozi. Naandika hapa chini kwa haraka nikiwa posta, bahasha haijafungwa, na hii ni mara yangu ya kwanza maishani kufungua barua ya mtu. Shangazi yako alianguka kwenye ngazi za watu tarehe tisa, mfuko wa picha mkononi. Mfupa wa nyonga. Hajashuka kitandani wiki tatu. Mke wangu anamwogesha, mimi nampelekea chakula, lakini mchana kutwa yuko peke yake anazungumza na ukuta wa chumba cha mama yako. Amenikataza nisikwambie, amenikataza mara mbili, na nimemwahidi. Ahadi hiyo naivunja hapa hapa dirishani. Hapana moja tuliitii mtaa huu, ikatutosha.

15 Septemba

Shangazi shikamoo,

Mimi mzima. Barua yako ya Agosti imenifikia jana, na nimeisoma mpaka chini kabisa, mpaka pale wino unapobadilika. Usimgombeze mtu yeyote kabla sijafika, hasa huyo anayekuletea chakula.

Kazini nimeaga. Msimamizi alisema nafasi yangu haitaningoja, nikamwambia nami siingoji. Leo asubuhi sikutoka mapema, kwa hiyo nilimsubiri yule dada wa kitanda arudi. Tulikaa ukingoni mwa godoro, tukatazamana kama wageni. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Nikamwambia nakwenda kwetu, na mito yote miwili ni yake. Alinisindikiza hadi kituoni, tumeongea njia nzima, na sasa nasikitika kwamba tulianza siku ya kuachana.

Zile nyumba kumi nitazizungukia mimi. Utanielekeza ukiwa kitandani nani anasema ndiyo haraka na nani wa kunyamaziwa. Picha ya mama nitaitazama kwanza nikiwa na wewe, halafu nitakwambia. Sijui nitasema nini. Naogopa, lakini naogopa nikiwa njiani.

Barua hii naitumbukiza hapa kituoni, basi langu ni saa nne, kwa hiyo huenda nikafika kabla yake. Najua ukiniona mlangoni utasema hapana, rudi, kazi yako. Utaisema kwa ile sauti yako ya kumfukuza mbuzi. Wewe sema, Shangazi. Mimi naingia.

Kidole